Milima Saba, Breki Moja: Mwongozo wa Kupanda Kampala kwa Baiskeli

Wahenga waliosema milima haikutani hawakufika Kampala. Hapa inakutana kila siku, asubuhi na jioni, kule bondeni kwenye stendi ya zamani ya takisi, ndizo daladala za hapa. Nakasero inamwaga watu wake kutoka upande mmoja, Namirembe na Kampala ya Zamani kutoka upande mwingine, Mengo nayo haikubali kubaki nyuma. Kila mlima unashuka na pikipiki zake, na hakuna anayempisha mwenzake.

Kwa hiyo mtu akikuambia anataka kuimaliza milima saba ya Kampala kwa baiskeli, usimcheke, na wala usianze kumchangia rambirambi. Mpe mwongozo huu. Umetungwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kununua baiskeli, akanunua na kofia ngumu, lakini bado hajawaambia wa nyumbani.

1. Jua kwanza nani anakaa juu

Milima saba ya asili, kwa hesabu mojawapo, ni Mengo, Rubaga, Namirembe, Kampala ya Zamani, Kibuli, Nakasero na Kololo. Mji umeshaivuka hesabu hiyo, ukameza Makerere, Mulago, Naguru, Mbuya, Muyenga na mingine mingi. Lakini saba inatamkika vizuri kwa watalii, basi ikabaki saba.

Kabla hujakanyaga pedali, elewa kanuni ya makazi: Kampala, cheo hupanda pamoja na mwinuko. Mengo lipo kasri la Kabaka. Rubaga wapo Wakatoliki na kanisa kuu lao, Namirembe Waanglikana na la kwao, Kibuli Waislamu kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kampala ya Zamani ndipo Kapteni Lugard alipojenga ngome mwaka 1890, na leo umesimama pale msikiti wa taifa uliokamilishwa kwa fedha za Gaddafi na kufunguliwa 2008. Nakasero kuna Ikulu ndogo. Kololo kuna mabalozi. Naguru kuna makao makuu ya polisi. Muyenga kuna matangi makubwa, ndiyo maana wenyeji wanauita Tank Hill: hata maji ya bomba yalipata kiwanja juu kabla ya mwenye baiskeli.

Dini zote, ufalme, dola na balozi za nje wamekwisha kufika kileleni. Wewe, kwa kuwa usafiri wako ni baiskeli, huenda unalala bondeni: Katwe, Kisenyi, Bwaise au Kamwokya. Usinung'unike. Asubuhi unakwenda kazini kwa kupanda ukiwa na nguvu, jioni unarudi kwa mteremko ukiwa umechoka. Mabwana wakubwa hawakupanga hivyo kwa kukuhurumia, ila faida ni faida.

Mwanafunzi aanze na Kampala ya Zamani, ambao ni mfupi. Akikomaa aende Namirembe na Rubaga, ambako akishindwa kuna makanisa mawili makuu ya kumuombea. Kololo aiache mwisho. Kilele chake kiko karibu mita 1,310 juu ya usawa wa bahari, na huko juu, Summit View, kuna kambi ya jeshi. Usitoe simu ujipige picha ya ushindi. Utapigwa picha kwelikweli, lakini itakuwa ya faili.

2. Chagua baiskeli itakayokuaibisha kwa kiasi

Zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ile nyeusi ya kazi, Roadmaster, Hero au Phoenix, yenye breki za fimbo na keria la kubebea hata kitanda. Ina uzito wa kilo 20 hivi kabla hujaweka chochote. Ina gia moja, nayo ilichaguliwa na mtu anayekaa kwenye tambarare. Mnyororo wake kwa kawaida unapita kwenye meno 46 hivi mbele na 18 hadi 20 nyuma, maana yake ukizungusha pedali mara moja, baiskeli inataka kusonga zaidi ya mita 5. Kwenye barabara iliyonyooka hiyo ni raha. Kwenye mlima ni sawa na kuombwa mkopo na ndugu usiyeweza kumnyima.

Ya pili ni ya mtumba kutoka ng'ambo, yenye gia 21. Muuzaji atakuapia kuwa zote zinafanya kazi. Zinafanya, ila si zote siku moja. Ukiipata ile nyepesi kuliko zote, pedali ikizunguka mara moja unasonga mita moja na nusu hadi mbili tu, na hapo mlima wowote unapandika. Tatizo ni kuipata. Jaribu kubadilisha gia ukiwa bado kwenye tambarare, kwa sababu ukisubiri mpaka mlima ukushike, mnyororo utaruka na utabaki ukizungusha miguu hewani mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda.

Ya tatu ni ya mashindano, nyepesi, ya kunyanyuliwa kwa vidole viwili, na mwenye nayo huvaa nguo za kubana. Usimdharau. Uganda ina waendesha baiskeli wa kweli. Charles Kagimu alishiriki mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris 2024. Lakini kama wewe si Kagimu, zifikirie vizuri hizo nguo. Kampala inavumilia mengi, ila haitakuvumilia kupita sokoni Nakasero na mapaja hayo.

3. Kula, lakini usijidanganye

Mwongozo wowote wa michezo utakuambia ule kabla ya kupanda. Kwa Kampala maana yake ni rolex: mayai yaliyokaangwa na kitunguu, nyanya na kabichi, yakaviringishwa ndani ya chapati. Wandegeya, chini ya mlima wa Makerere, ndipo wanafunzi wa vizazi kadhaa walipofanyia utafiti wao wa maana zaidi.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hudhulumiana na nafsi zao. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 20 akipanda mita 120 kwenda juu, tuseme kutoka bondeni hadi Kololo, anafanya kazi ya takriban kilojuli 106. Mwili hupoteza karibu robo tatu ya nishati yake kama joto, kwa hiyo ili kufika juu atateketeza kalori 100 hivi za chakula. Rolex moja ya mayai mawili inavuka kalori 400 bila jitihada. Yaani rolex moja inalipia kupanda Kololo mara nne. Wewe umekula mbili na umepanda nusu. Deni hilo halitalipwa na mlima wowote wa Afrika Mashariki.

Wakati unakula, kaa chini ya paa. Juu ya miti wamejipanga kaloli, wale korongo wenye vipara na koo la kuning'inia, wanaoutazama mji wote kwa macho ya mkaguzi wa hesabu. Wanalotupa chini haliosheki kirahisi.

4. Mbinu za kupanda, na kwa nini hazifai

Mbinu ya kwanza ni kupanda kwa kupinda, kulia kushoto, kulia kushoto. Kisayansi ni sahihi: mlima wenye mwinuko wa asilimia 10, ukiukata kwa mshazari wa nyuzi 45, unabaki asilimia 7. Unalipa kwa kuongeza safari karibu nusu yake. Kimtaani, kila ukipinda kulia unaingia kwenye njia ya bodaboda anayeshuka akiwa amezima injini ili kubana petroli. Hana kelele, hana breki za kutosha, na nyuma amepakia abiria wawili na godoro.

Mbinu ya pili ni kusimama juu ya pedali. Utapanda mita 40 kwa kishindo. Watoto watashangilia. Kisha utakaa, na watoto watanyamaza.

Mbinu ya tatu ni kushika lori kwa nyuma likuvute. Imeenea, ni ya bure, na imewapeleka wengi Mulago, hospitali ambayo nayo iko mlimani. Dereva wa Fuso hakuoni; utingo anakuona vizuri sana, na ana chupa ya maji ya kukumwagia. Lori likikwepa shimo, shimo ni lako.

Mbinu ya nne ni kujilinganisha na mabingwa. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 na kupanda jumla ya mita 5,475, ambazo ni takriban mara 31 ya kutoka usawa wa Ziwa Victoria hadi kilele cha Kololo. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Waliobaki ndio watu walioshindwa na milima wakiwa wamefungiwa barabara yote, wanafuatwa na magari ya makocha, wanapewa maji mkononi. Kampala barabara hufungwa pia, lakini si kwa ajili yako; ni msafara wa mkubwa unapita, na wewe utasubiri mtaroni umeshikilia usukani.

5. Shuka, usukume

Hapa ndipo kiini cha elimu yote, na wataalamu wake hawajaandika kitabu.

Mtazame muuza matoke anayeingia mjini alfajiri kutoka upande wa Busiro. Mikungu miwili imening'inia kushoto na kulia, mmoja umelala juu ya keria, yote imefungwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, kwa sababu mpira unavutika na kamba haivutiki. Mkono wa kushoto uko kwenye usukani. Wa kulia uko nyuma, umeshika tandiko au mti uliofungwa wima kwa ajili hiyo, ili asukume kwa bega na si kwa kiganja. Mwili umelala mbele. Hana papara, haongezi mwendo, hapunguzi. Akitaka kupumzika hatafuti mahali pa kuegemeza: anachomoa fimbo yenye panda, anaikita chini ya fremu, baiskeli inasimama peke yake na mzigo wake wote, naye anajifuta jasho.

Mtu huyu hajawahi kupanda Namirembe akiwa juu ya tandiko na hana mpango huo. Ana sababu za kihesabu. Kwenye mwinuko mkali, mwendo wa baiskeli nzito ni kilomita 5 kwa saa, na chini ya hapo inaanza kuyumba. Akisukuma, anakwenda kilomita 4 kwa saa. Kwa kilomita moja ya mlima, wewe uliyeng'ang'ana juu ya pedali utatumia dakika 12, yeye 15. Umetoa ulimi nje, umeona nyota mchana, umepaliwa na moshi wa takisi, yote hayo kwa dakika 3. Na yeye ana matoke ya kuuza.

Kwa hiyo kusukuma si kushindwa. Kusukuma ni gia ya pili ya baiskeli ya gia moja. Anayekuambia vinginevyo muulize alikuja na nini, na kama atasema gari, hana kura.

6. Ongea vizuri na watu

Msomaji wa Kiswahili ana silaha ambayo hajui kama anayo. Kwa miaka mingi Kiswahili kiliwafikia watu wa Kampala kupitia kinywa cha askari mwenye bunduki, na wazee hawajasahau. Ni kweli kwamba marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini barabarani, ukimwambia dereva kwa sauti nzito "Kaa kando!", atakaa kando, na huenda akatoa na kitambulisho. Tumia uwezo huo kwa uchache. Siku atakapogundua huna hata kirungu, atakudai hesabu ya nyuma.

Salama zaidi ni kujifunza maneno machache ya Kiganda. Mwanamume ni "ssebo", mwanamke ni "nnyabo", na haijalishi amekuchomekea vibaya kiasi gani, anza na heshima hiyo kwanza ndipo ulalamike. Ukiwa unasukuma baiskeli mlimani, watu walioketi barazani watakuambia "Gyebale ko, ssebo", yaani wanakupa pole na shukrani kwa kazi unayofanya. Pokea, rudisha salamu, endelea. Angalia lakini: aliyevaa nguo za kubana hapewi salamu hiyo mara nyingi. Watu wanamwona anavyotaabika, ila hawaamini kama ni kazi.

Bodaboda usigombane naye. Biashara yake ilianza kwa baiskeli, kwa kuvusha watu na mizigo pale mpakani Busia kati ya Uganda na Kenya; pikipiki ilikuja baadaye. Akikupigia honi, mkumbushe asili yake kwa upole, kisha mpishe haraka.

7. Kupanda mchongoma umepanda, sasa ngoma

Kushuka kunahitaji breki. Kama wewe ni wa kawaida, una moja, na ni ya mbele au ya nyuma kutegemea ni ipi fundi aliichomoa raba akamwekea mteja mwingine.

Ijaribu breki juu ya mlima, si katikati. Kama mvua imenyesha, ijaribu mara mbili, kwa sababu rimu za chuma zikilowa, raba huteleza juu yake na baiskeli huendelea na safari kana kwamba hujasema kitu. Ndiyo maana mafundi wa kweli hushuka na kandambili: wanashusha mguu, wanakanyaga tairi la nyuma kwa soli, harufu ya mpira inapanda, mwendo unapungua. Soli ya kandambili ni rahisi kubadilisha kuliko meno.

Msimu nao uuangalie. Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, na eneo hili la ziwa ni kati ya maeneo yenye radi nyingi duniani. Ukiona wingu jeusi linatoka upande wa Entebbe, usiwe kileleni. Waulize Namirembe: kanisa lao moja liliangushwa na tufani 1894, jingine likaungua kwa radi 1910, na hili la sasa lilikamilika 1919. Kama radi haikuliheshimu kanisa kuu, haitaangalia kofia yako ngumu.

8. Umefika bondeni: hapa ndipo mtihani

Mwalimu mzuri huacha swali gumu mwisho. Mpaka sasa umeogopa mlima, na mlima ndio kitu pekee barabarani kilichokutendea haki. Ulionekana kutoka mbali. Haukubadilisha njia bila kuwasha taa. Haukusimama ghafla kumshusha abiria. Ulisema ni mkali, ukawa mkali.

Bonde halina tabia hiyo. Takisi inasimama popote kondakta anapoona mtu mwenye sura ya kwenda mahali. Mfuniko wa mtaro uliokuwapo jana leo umekwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mvua ikinyesha, maji yote yaliyotiririka kutoka kwa wakubwa milimani yanakusanyika kwenye mfereji wa Nakivubo na kule Bwaise, na dimbwi moja linakuwa na sura ile ile ya jingine, ingawa moja lina kina cha kifundo na jingine cha goti. Aprili 2023 mchoraji katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wananchi mtandaoni kufanya maonyesho ya mashimo ya Kampala. Picha zilimiminika, na kila mtaa ukaleta kazi zake. Walioona mashimo hayo kwenye simu walicheka. Wenye baiskeli waliyatambua kwa majina.

Utasema, si kuna njia ya baiskeli? Ipo. Mamlaka ya Jiji, KCCA, ilitengeneza njia ya waenda kwa miguu na baiskeli kwenye Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum. Ni njia nzuri, ndiyo maana kila mtu anaitaka. Aliyepanga viatu anaitaka, bodaboda anayesubiri abiria anaitaka, mwenye gari anayeshusha mzigo "dakika mbili tu" anaitaka. Pita humo kwa adabu, kengele mkononi, na kabla ya kutoka upande wa pili huenda ukawa umenunua soksi.

Kwa hiyo kanuni ya bondeni ni hii: kaa mbali na mlango wa takisi, usiingie dimbwi ambalo hujaona mwenzako akilivuka, na usimwamini yeyote anayekuonyesha kwa mkono kwamba upite. Huenda anamwita mteja.

9. Hatua ya mwisho, ambayo si yako

Ukishamaliza hatua nane, umehitimu. Huna haja ya cheti. Mapaja yatakukumbusha wiki nzima.

Imebaki moja, ya mheshimiwa yeyote mwenye ofisi mlimani na sahihi inayoweza kupitisha bajeti ya barabara. Tunamwomba aazime baiskeli nyeusi ya gia moja, alale usiku mmoja Katwe, na asubuhi aende kazini kwa njia hiyo, bila king'ora wala gari la kumfuata. Keria tumwekee mkungu mmoja tu, tusimwonee. Akifika amechelewa, ameloa na kiatu kimoja kimebaki mtaroni, asitoe udhuru wa mlima. Mlima ulikuwapo kabla ya ofisi yake. Kisichokuwapo ni njia.